Kabla Hujachagua Bima Nafuu Pwani ya Maine

Wanunuzi wapya wa nyumba ninaowatafsiria hapa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huniuliza swali moja kabla hata sijavua koti: kampuni gani ni nafuu? Nawaelewa. Benki imekwisha kuwapangia siku ya kutia saini, mkopo hautoki bila bima, na karatasi za bei zimeshafika kwa barua pepe, kila moja na tarakimu yake kubwa pale juu. Lakini karatasi hizo nimezisoma sana, na baridi ya hapa nimeikaa. Nasema bila kusita kwamba tarakimu ile ya juu ndiyo habari ndogo kuliko zote zilizomo. Cha kulinganisha ni hiki: usiku ambao bahari imepanda au bomba limepasuka, mwenye nyumba atatoa kiasi gani mfukoni mwake?

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, upande wa Likoni, na riziki yangu ni ukalimani wa Kiswahili katika miji ya Portland, Westbrook, Biddeford na Saco. Wengi ninaowahudumia wametoka Bukavu, Uvira, Goma na Bujumbura. Wamo waliolala kwenye ukumbi wa michezo wa Portland Expo kiangazi cha 2019, mamia ya waomba hifadhi walipofika mjini kwa mkupuo. Leo wengine wao wana kazi za kudumu, wameweka akiba, wananunua nyumba. Watu hawa walishaacha nyumba nyuma yao kwa sababu ya vita. Inaniuma nikifikiria kwamba wanaweza kuipoteza ya pili kwa sababu ya kipengele ambacho hakuna aliyewasomea.

Nichukue mfano wa mume na mke wa Uvira waliokuwa wananunua nyumba ya mbao Saco, mwendo mfupi kutoka mtoni. Walikuwa na karatasi tatu. Moja ilikuwa chini ya nyingine kwa mamia ya dola kwa mwaka, na mume, ambaye namwita shemeji, alikuwa ameshaipenda. Tulipozitandaza mezani na kuzisoma mstari kwa mstari, tukakuta zinaeleza nyumba tatu tofauti. Ya kwanza ilikadiria gharama ya kuijenga upya nyumba ile kuwa chini ya ya tatu kwa zaidi ya dola 100,000. Moja ilikuwa tayari kulipia paa jipya, nyingine ingelipa paa lile baada ya kukata uchakavu wa miaka yote liliyokaa. Moja iliweka fungu la mwenye nyumba, yaani fedha anazobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti, kuwa dola 1,000 kwa hasara yoyote, na nyingine ikaliweka kwa asilimia pale hasara inapoletwa na upepo. Kuzilinganisha kwa bei ilikuwa sawa na kulinganisha bei za samaki sokoni bila kuuliza ni kilo ngapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwarudia mawakala wote na kuwaambia: nipeni bei ya nyumba ileile, kwa kiwango kilekile cha kujenga upya, fungu lilelile, paa lilelile. Wakala anayejua kazi yake hataudhika. Na kiwango hicho kisichanganywe na bei ya kununulia nyumba. Bei ya kununulia imebeba ardhi, na ardhi haiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya fundi, mbao, umeme na mabomba kwa bei za leo.

Ukikikata kiwango hicho ili bei ishuke, adhabu yake utaikuta hata kwenye hasara ndogo. Mikataba mingi hudai nyumba iwekewe bima ya angalau asilimia 80 ya gharama ya kuijenga upya. Tuseme nyumba itagharimu dola 400,000 kujengwa, nawe umeiwekea 240,000 badala ya 320,000. Jiko likiungua kwa hasara ya dola 40,000, kampuni inaweza kukulipa robo tatu tu, dola 30,000, na katika hizo bado ikatoa fungu lako. Hukuunguliwa na nyumba nzima, lakini umepunjwa kama vile hukuamini kwamba jiko ni sehemu ya nyumba.

Sasa maji. Mtu wa Mombasa akisimama gatini Portland haoni ugeni: bahari hujaa na kupwa karibu mita tatu kila siku, na siku za bamvua hupanda zaidi. Tarehe 13 Januari 2024, mwezi ukiwa ndiyo kwanza umeandama, dhoruba ilikutana na maji kujaa, na kipimo cha Portland kikasoma futi 14.57, karibu mita 4.44. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa tangu vipimo vianze pale mwaka 1912, na kiliipita rekodi ya dhoruba ya Februari 1978. Ufukweni Willard, South Portland, vibanda vya wavuvi vilivyokuwa vimesimama zaidi ya karne moja vilisombwa asubuhi ile mbele ya macho ya watu. Siku tatu kabla yake dhoruba nyingine ilikuwa imeshavunja magati na barabara za pwani.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Nalirudia hili kila ninapotafsiri na bado naona nyuso zikishangaa, kwa sababu karatasi imeandikwa kwamba maji yanalipiwa. Yanayolipiwa ni maji yaliyotoka ndani ya nyumba kwa ghafla, kama bomba kupasuka. Yakiingia kutoka nje kwa miguu yake, yawe ya bahari, ya mto au ya mvua iliyotuama uani, hayo ni mafuriko, na mafuriko yana bima yake ya pekee. Wengi huinunua kupitia mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968, NFIP, unaosimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa. Kwa nyumba ya familia moja, mpango huo haulipi zaidi ya dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vitu vya ndani. Haulipi kodi ya mahali pa kuishi wakati nyumba inakarabatiwa. Na ukiununua kwa hiari yako, nje ya shughuli za mkopo, husubiri siku 30 kabla haujaanza kufanya kazi, kwa hiyo hauwezi kununuliwa siku televisheni inapotangaza dhoruba.

Kwa kawaida benki itakulazimisha kuwa na bima ya mafuriko ikiwa tu nyumba iko katika eneo ambalo ramani ya FEMA imelitia alama ya hatari kubwa. Wakala wa yule shemeji alimwambia: nyumba yako iko nje ya mstari, huhitaji. Neno hilo silikubali. Ukweli ni kwamba benki haihitaji. Maji hayasomi ramani, na madai mengi ya mafuriko nchini humu hutoka kwenye nyumba zilizo nje ya maeneo hayo. Baraza la hali ya hewa la Maine limelitaka jimbo lijiandae kwa bahari kupanda futi moja na nusu kufikia 2050. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 unaosainiwa leo utakuwa bado unalipwa mwaka huo.

Lipo jambo ambalo hata mawakala wengine hawalitaji: muuzaji akiwa na bima ya NFIP, mnunuzi anaweza kuhamishiwa. Tangu mpango huo ubadilishe namna ya kupanga bei, kuanzia Oktoba 2021, nyumba nyingi za pwani zinapandishiwa malipo hatua kwa hatua, na sheria inazuia nyongeza isizidi asilimia 18 kwa mwaka kwa nyumba ambazo wenyewe wanaishi humo. Anayerithi mkataba wa muuzaji anarithi pia hatua aliyofikia. Anayeanza upya anaweza kutozwa bei kamili siku ya kwanza. Kumuuliza muuzaji hakugharimu kitu, na kunaweza kuokoa fedha nyingi kuliko tofauti yote kati ya zile karatasi tatu.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Huko huko Saco kuna mtaa wa Camp Ellis, mdomoni mwa mto, ambako gati la mawe lililojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani katika karne ya 19 lilibadili mwendo wa mchanga. Bahari imekula nyumba zaidi ya 30 mahali pale. Hakuna bima ya kawaida ya nyumba inayokulipa kwa kiwanja kilichoondoka polepole. Mtu akikuonyesha nyumba ya bei ya kuvutia yenye mandhari ya bahari, mwulize ufuo ulikuwa wapi miaka 20 iliyopita.

Upepo nao una hesabu yake, na hapa ndipo naona watu wakiumizwa zaidi bila kujua. Mikataba mingi ya pwani hutumia asilimia badala ya dola. Asilimia mbili inasikika ndogo. Lakini ni asilimia mbili ya thamani ya nyumba iliyowekewa bima, wala si ya hasara. Nyumba ya dola 400,000 ina fungu la dola 8,000. Upepo ukikung'olea sehemu ya paa na fundi akasema ni dola 7,500, hulipwi chochote.

Na uliza neno moja lililoandikwa mbele ya asilimia hiyo. Likiwa ni kimbunga, asilimia inatumika pale tu idara ya hali ya hewa inapokitangaza kimbunga rasmi, jambo lisilotokea mara nyingi Maine. Likiwa ni upepo, basi ni upepo wowote. Dhoruba ya tarehe 18 Desemba 2023, iliyowaacha wateja zaidi ya 400,000 wa jimbo hili gizani, haikuwa kimbunga. Zile za Januari 2024 pia hazikuwa. Majirani wawili wenye mapaa yaliyoharibika sawasawa wangeweza kulipwa tofauti kabisa, mmoja akibeba dola 1,000 na mwingine 8,000, kwa sababu ya neno hilo moja.

Baridi ndiyo inayotutofautisha na wenye nyumba wa Florida. Februari 2023 upepo wa baridi kali ulishuka kutoka Kanada. Kwenye kilele cha Mlima Washington, jimbo jirani la New Hampshire, baridi pamoja na upepo ilihisika kama nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri. Mabomba yalipasuka katika majumba mengi ya eneo hili. Bima hulipia maji ya bomba lililopasuka kwa kuganda, lakini kwa sharti: uwe umefanya juhudi ya kutosha kuiweka nyumba na joto, au uwe umefunga maji na kuyamwaga yaliyomo kwenye mabomba. Sharti hili linatugusa sisi kuliko wengine, kwa sababu Desemba na Januari ndipo tunaporudi nyumbani kuzika, kuoa na kuwaona wazazi. Nyumba inabaki tupu wiki tano, mtu ameteremsha joto ili asimalize mafuta, tangi linakauka, na anayekuja kugundua ni jirani aliyeona barafu ikining'inia ukutani. Kampuni itauliza joto liliwekwa nyuzi ngapi. Ushauri wa kawaida ni lisishuke chini ya 55 za Farenhaiti, karibu 13 za Selsiasi. Funga valvu kuu ya maji, mwachie ndugu ufunguo apite kukagua, na weka risiti ya mafuta.

Barafu ya paani pia inataka swali lake. Joto la nyumba likipenya darini huyeyusha theluji, maji yanateremka hadi ukingoni ambako paa ni baridi, yanaganda tena na kujenga ukuta wa barafu. Maji yanayofuata nyuma yake hayana pa kwenda ila kupenya chini ya vigae na kutiririka ndani ya kuta. Mikataba mingi hulipia dari na kuta zilizoharibika, mingine imeanza kuweka mipaka, na kazi ya kuiondoa barafu yenyewe mara nyingi ni juu yako. Kinga yake ni kuziba dari isivujishe joto, na taasisi ya Efficiency Maine hurudisha sehemu ya gharama hiyo. Ningependa mwenye nyumba aanzie hapo kabla ya kubishana na wakala.

Sitaacha besimenti. Katika nyumba zetu chumba kile cha chini ya ardhi hakikai bure. Analala mdogo wa mume aliyefika juzi, kuna mashine ya kufulia, magunia ya mchele, masanduku ya nguo za kutuma nyumbani. Na hapo ndipo ulinzi ulipo mdogo zaidi. Bima ya mafuriko ya NFIP hulipia boila, hita ya maji, paneli ya umeme, mashine ya kufulia na friza vilivyoko besimenti, lakini hailipi kuta zilizopambwa, zulia, kitanda wala nguo. Maji yakirudi juu kupitia bomba la maji taka, au pampu ya kuvutia maji ikizimika umeme ukikatika, bima ya kawaida nayo hujitoa isipokuwa umenunua nyongeza maalumu. Nyongeza hiyo si ghali, na katika zile karatasi tatu ilikuwemo moja tu. Haikuwa ile ya bei nafuu.

Pembeni ya boila huwa kuna tangi la mafuta. Zaidi ya nusu ya kaya za Maine hupashia nyumba joto kwa mafuta, kuliko jimbo lingine lolote. Tangi kuukuu likivuja, mikataba mingi huita hasara hiyo uchafuzi na kuikataa. Jimbo lina mfuko wake wa kusafishia mafuta yaliyomwagika, lakini mwenye nyumba aulize kabla: nyongeza ya tangi ipo, inagharimu nini, na tangi hili lina umri gani?

Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi hawezi kuyarekebisha mezani, na haya nayaweka mbele ya wenye mamlaka. La kwanza ni historia ya mikopo. Kampuni nyingi Marekani huitumia katika kupanga bei ya bima ya nyumba. Mtu aliyefika miaka mitano iliyopita, anayelipa fedha taslimu na hadaiwi na mtu, anaweza kuonekana wa hatari kuliko mzaliwa wa hapa mwenye madeni aliyokuwa akiyalipa kwa miaka 20. Sioni hilo linahusiana vipi na bomba kuganda.

La pili ni lugha. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu hulazimika kutoa mkalimani. Wakala wa bima ya nyumba ana hiari. Matokeo yake ni mtoto wa darasa la saba kumsomea baba yake mkataba wa kurasa nyingi, na kumwambia kwa nia njema kwamba kila kitu kiko sawa. Nimemwona mtoto huyo. Anafahamu Kiingereza vizuri, lakini hajui uchakavu wa paa ni nini, na si kazi yake kujua.

Ninachokitaka kutoka kwa idara ya bima ya Maine na kwa wabunge wa jimbo huko Augusta kinawezekana. Florida, kwa mfano, sheria inazitaka kampuni zionyeshe kwenye ukurasa wa mbele wa mkataba fungu la kimbunga kwa dola halisi, pasipo kuishia kwenye asilimia. Nataka hilo lifanyike mapema zaidi, kwenye karatasi ya bei kabla mtu hajatia saini, na kwa upepo wa aina yoyote. Pale pale iandikwe kwa herufi kubwa kwamba mafuriko hayalipwi, ielezwe kama paa litalipwa kwa upya au kwa uchakavu, na ikiwa kampuni iko nje ya zile ambazo mfuko wa dhamana wa jimbo huzilipia madai zikifilisika, isemwe. Ukurasa huo mmoja utafsiriwe Kiswahili, Kisomali, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Kampuni yenye bei nzuri ya haki haitapoteza chochote kwa kuueleza mkataba wake.

Yule shemeji na mkewe walichukua karatasi ya kati, wakaongeza ulinzi wa maji taka, na wakahamishiwa bima ya mafuriko ya muuzaji. Walilipa zaidi ya walivyokusudia, na mke akachagua sofa ya bei ndogo zaidi ili hesabu ikae sawa.

Kwa jumuiya zetu za Portland na Lewiston, ombi langu ni mkutano wa Septemba, nguo za baridi zikiwa bado kabatini. Aitwe wakala huru anayeuza kwa niaba ya kampuni kadhaa, awepo mkalimani anayelipwa, kila familia ije na karatasi zake. Anayetaka bima ya mafuriko iwe imeshaanza kabla ya dhoruba za Desemba inabidi awe ameitia saini na kuilipia mwishoni mwa Oktoba.